Haioni Mtu, Inaona Chuma

Nyinyi vijana mnaofungua ramani kwenye simu na kuamini kila rangi mnayoonyeshwa, hebu wekeni hizo simu chini kidogo tuongee. Naitwa Rhoda. Nimestaafu, magoti yamechoka, lakini macho bado yako sawa. Miaka yangu mingi nilifanya kazi ya kushuku picha. Setilaiti inapita juu huko, inachukua picha, picha inafika ofisini kwetu Nakuru, watu wanaizunguka kompyuta wakiisifu, halafu mimi natumwa shambani kuangalia kama ni kweli. Kazi hiyo ina jina refu ambalo wasomi wanalipenda. Sisi tuliiita kwenda kuulizia.

Leo nataka kuwaeleza habari za nukta moja nyeupe kwenye picha, na mama mmoja anayeitwa Tabitha ambaye, mapema mwaka wa 2008, hatukujua kama yu hai. Majina ya pili nimeyaacha makusudi, langu na la kila mtu. Waliokuwa Nakuru wakati huo wanajua ni kwa nini. Jina la pili ndilo lililotaja kabila lako; lilikuwa likiulizwa barabarani, na jibu lingeweza kukumaliza.

Lakini kwanza muelewe kazi yenyewe, la sivyo mtaniona mama wa porojo.

Tulikuwa tunaangalia kama ardhi ya Bonde la Ufa inapumua. Msicheke. Chini ya volkeno ya Menengai, na kule Olkaria kwenye mvuke, kuna maji moto na mawe moto, na ardhi ya juu huinuka na kushuka kiasi cha unene wa kidole, polepole, bila anayelala juu yake kujua. Setilaiti ya rada inaweza kuliona hilo. Rada si kamera. Kamera inangoja jua. Rada inatuma mawimbi yake yenyewe, yanagonga chini, halafu inasikiliza yanayorudi, na wingu au ukungu haviizuii. Shida ni kwamba shamba la mahindi hutawanya hayo mawimbi ovyo ovyo. Kwa hiyo unaiwekea kitu cha kuijibu vizuri.

Kitu hicho tulikiita kona. Ni bati tatu nene za alumini zilizounganishwa kama pembe ya ndani ya sanduku, mdomo ukiangalia juu, upande setilaiti inakopitia. Ukirusha mpira kwenye pembe ya chumba, utagonga huku, ugonge kule, ukurudie mwenyewe. Mawimbi ya rada hufanya vivyo hivyo. Kwenye picha shamba lote linakuwa kijivu, na pale penye kona kuna nukta nyeupe, hata mtoto anaiona.

Kona zetu zilitengenezwa na Mzee Gurdev, fundi wa vyuma mwenye karakana nyuma ya maghala ya nafaka mjini. Familia yake ilikuwa imekaa Nakuru muda mrefu kuliko wengi waliokuwa wakimwita mgeni. Huyo ndiye aliyenifundisha kushuku vizuri. Siku ya kwanza nilimpelekea mchoro, nikamwambia pembe zote ziwe mraba kamili. Akachukua kipimo chake cha mraba, akakiweka kwenye meza ya chuma, akachora mstari. Kisha akakigeuza upande wa pili, akachora mwingine pale pale. Ile mistari ikaachana kidogo kule juu.

"Unaona?" akasema. "Hii kipimo nimetumia miaka mingi. Imeanza kudanganya, na haikuniambia."

"Sasa utatumia gani?"

"Nitatumia hii hii, lakini nitakuwa najua inadanganya upande gani. Rhoda, jicho ni mwongo, mkono ni mwongo, kipimo ni mwongo kidogo tu. Wewe pima hata kipimo."

Mpaka leo nikinunua rula ya mjukuu nageuza kwanza. Wenye duka wananiona kama mchawi.

Gurdev ndiye aliyetoboa mashimo chini ya kila kona ili maji ya mvua yatoke, na mashimo hayo yalinitesa. Kule Kabazi nukta yetu ilififia mpaka karibu ipotee. Bosi wetu, msomi mzuri lakini mtu wa haraka, akaandaa maelezo marefu jinsi ardhi ya Kabazi ilivyobadilika. Nikamwomba anipe siku moja. Nilipofika, nikakuta kuku ametaga ndani ya kona. Ameijaza majani, mashimo yameziba, na mvua imegeuza chombo cha sayansi kuwa karai. Yule kuku alikuwa mkali kuliko mbwa. Mwenye boma akaniambia, "Madam, si ungoje aangue kwanza." Nikangoja. Bosi akanyamaza na maelezo yake.

Sasa mkumbuke neno moja. Ukitaka kujua nini kimeinuka, lazima uwe na pahali pamoja ambapo mmekubaliana hapainuki, ili mengine yote yapimwe kutoka hapo. Hata mtu wa kushuku kama mimi lazima aweke mguu mmoja pahali. Kwetu pahali hapo palikuwa shamba la Tabitha, nje kidogo ya Rongai, mbali na moto wa Menengai. Kila kidole cha ardhi tulichopima kwingine kilianzia kwake.

Tabitha alikuwa mjane wa umri wangu, mnene, mcheshi, mkulima wa mahindi na maharagwe. Desturi yangu ilikuwa moja: sigusi kona kabla sijanywa chai ya mwenye shamba. Hata kama nina haraka. Ukipita moja kwa moja kwenye chuma, watu wanajua umekuja kwa sababu ya chuma. Basi tulikuwa tunakunywa chai, ananisimulia vita vyake na nguchiro, halafu tunaenda pamoja kuikagua kona. Alitaka kujua kila kitu. Nikamfundisha jinsi inavyokaa kwa maneno ambayo mtu hasahau: mgongo Menengai, mdomo jua linapotua, na kigingi cha mbao chini ya ukingo wa mbele ili iinuke kiasi.

"Na ikikaa hivyo?"

"Ikikaa hivyo nakuona kutoka Nakuru."

Niliwaambia hivyo wenye mashamba wote, ni maneno ya kufurahisha tu. Tabitha anacheka, anapungia mbingu mkono.

Mdomo wa kona, kwa vile uliangalia jua linapotua, uliangalia pia shamba la jirani, Mzee Elijah, Baba Kip kama Tabitha alivyomwita. Huyo sasa ndiye aliyeninyima raha. Mtu mrefu, mkavu, na kofia ya sufu hata kukiwa na jua kali. Yeye na Tabitha walikuwa hawasikizani kuhusu ua tangu zamani, na hawakuwa wa kabila moja. Kila nikija, Elijah anasimama kwenye ua wake, mikono juu ya fito, ananitazama kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusema neno. Siku moja, mwishoni mwa 2007, kampeni zikiwa zimechacha, akaniita.

"Madam. Hii kitu yenu inaangalia boma yangu."

"Inaangalia mbinguni, mzee."

"Mimi naona inaangalia ng'ombe." Akaegemea fito. "Inaweza kuona mtu?"

"Hapana mzee. Haioni mtu. Inaona chuma, mabati, maji, mawe."

"Hata mtu akiwa nje usiku?"

"Hata akiwa nje usiku. Haioni mtu, inaona chuma."

Tabitha alikuwa nyuma yangu, ameshika kikombe, anasikiliza. Elijah akatikisa kichwa, akaenda zake. Mimi nikarudi Nakuru nikilirudia hilo swali lake njia nzima. Mtu anauliza kama ataonekana usiku kwa nini? Jamani, niambieni nyinyi. Na mwaka wenyewe ulikuwa ule.

Maana mwezi huo kila mtu alikuwa amegeuka askari wa mwenzake. Muuza mboga wako wa miaka yote anakuuliza utapigia nani, na ukimjibu anafunga mdomo. Vijana wa kule Rongai walikuwa wameanza kusema kona ya Tabitha ni alama, kwamba serikali imeiweka ili ijue ni boma gani la kupewa watu wengine. Upande wa pili nao walikuwa wanasema ni alama ya nyumba ya kuchomwa. Chuma kimoja, uongo wa aina mbili. Nilipomwambia Tabitha nitoe kona mpaka uchaguzi upite, alikataa.

"Nikitoa watasema nilikuwa naficha kitu," alisema. "Wacha ikae. Si unaniona?"

Kura zikapigwa. Matokeo yakatangazwa. Mengine mnayajua, na yale msiyoyajua waulizeni wazazi wenu mkiwa mmekaa chini, msiulize mkipita.

Nilimpigia Tabitha simu mpaka vidole vikauma. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani. Barabara ya kwenda Eldoret ilikuwa imejaa magogo na mawe. Niliogopa, sisemi uongo. Nilikuwa nalala na nguo za kutokea.

Mwezi wa kwanza ukiwa katikati, picha mpya ikafika. Aliyekuwa akizisoma picha ofisini ni Halima, binti wa wauza vitambaa wa pale mjini, mwenye macho ambayo sijaona tena. Akaniita bila kupandisha sauti. Akaweka ya zamani kushoto na mpya kulia. Kabazi nukta ipo. Olkaria ipo. Menengai ipo. Shamba la Tabitha lilikuwa kijivu tupu.

"Wamechoma," Halima akasema.

"Moto wa nyumba hauwezi kuyeyusha kona iliyo nje uani. Kuna mtu ameitoa."

"Akaitoa akampeleka wapi mwenyewe?"

Nilikaa kwenye kiti cha Halima nikamlilia Tabitha kama marehemu. Na wakati nalia, niseme wazi, nilikuwa naona uso wa Elijah juu ya ua wake, anauliza kama rada inaona mtu usiku. Halima alikuwa anamjua kupitia kwa masimulizi yangu. Akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nikaitikia.

Setilaiti ile ilikuwa inarudi juu yetu baada ya mwezi mmoja na siku kadhaa. Kungojea picha namna hiyo siwaombei. Mchana tulisikia milio ya risasi, tukaona moshi mtaani kwetu, Nakuru yenyewe ikawaka. Simu ya Tabitha haikupatikana.

Picha ya pili ilifika wakati mambo yameanza kutulia. Halima aliifungua, akaipanua, akaniita. Shamba la Tabitha bado kijivu. Lakini upande wa magharibi wake, ndani ya ua ambao nilikuwa nimeupitia na GPS mara nyingi, kulikuwa na nukta nyeupe.

"Labda ni bati jipya," Halima akasema. "Mabati pia hung'aa, inategemea limelala vipi."

Ni kweli, mabati yametudanganya sana kwenye kazi hii. Lakini nikamuuliza, "Nani anaezeka nyumba Rongai mwezi huu?"

Akaipanua picha tena.

Bosi akaja, akatazama, akauliza hilo ni shamba la nani. Nikamwambia ni la Elijah. Basi, kwake ikawa imeisha. Jirani ameiba mali ya mradi, na aliyeiba kona anajua mwenye kona alipo. Akachukua simu awapigie polisi wa Rongai waende wamshike.

Hapo ndipo shaka yangu ikageuka ikaniangalia mwenyewe. Nikasema, "Ngoja, bosi. Mwizi wa alumini anaipeleka kwa wayeyushaji wa sufuria. Iko wapi sufuria? Hii imesimama."

"Imesimama ama imetupwa?"

"Angalia inavyong'aa. Kona haihitaji kulengwa kama bunduki, lakini ukiitupa ovyo haitajibu namna hii. Mgongo wake uko Menengai. Mdomo uko jua linapotua. Kuna mtu amehangaika nayo."

"Nani anajua kuipanga?"

"Mimi. Mzee Gurdev." Nilishindwa kulitaja jina la tatu. Ukitaja tumaini mbele ya watu halafu likose, unazika mara mbili. Na tena Elijah alikuwa amenitazama kutoka kwenye ua kila nilipokwenda, angeweza kuwa amejifunza kwa macho. Labda aliitaka ionekane haijaguswa. Labda alikuwa anatucheza. Nilimwomba bosi siku moja, kama ile ya kuku wa Kabazi. Akarudisha simu, akasema siku moja tu.

Nilimwendea Gurdev. Yeye siku hizo ndiye aliyekuwa akipita barabarani kuliko sisi, kwa sababu kila upande ulikuwa na mashine ya kusaga iliyoharibika na hakuna aliyemuuliza alipigia nani. Aliponisikiliza akafuta mikono, akachukua funguo za pikapu, akatupa spana na mashine ya kuchomelea nyuma. GPS nikaizika ndani ya mfuko wa unga.

Karibu na Rongai tulikuta gogo barabarani na vijana wachache waliobaki na mchezo huo.

"Mzee, niaje. Mnaenda wapi?"

"Kuna posho mill imekufa," Gurdev akasema.

"Na huyu mathe?"

"Huyu ndiye anashika taa nikichomelea. Wewe utakuja kushika?"

Kijana akaniangalia. Nilikuwa nasubiri aulize kitambulisho. Mwenzake akasema wacha wapite, unga umeisha hata kwao. Gogo likasogezwa. Gurdev aliendesha mwendo mrefu kabla hajapumua.

Boma la Tabitha lilikuwa limechomwa. Palibaki msingi, nguzo nyeusi, na kitanda cha chuma kimepinda. Niliita jina lake, ujinga tu wa kuita. Gurdev yeye alienda moja kwa moja kwenye zege tulilosimikia kona, akachuchumaa.

"Rhoda, kuja."

Kona haikuwepo. Lakini hakuna kilichovunjwa. Bolti zote zilikuwa zimesimama kwenye zege, na nati zilikuwa zimefunguliwa vizuri na kurudishwa juu ya bolti zake, zikakazwa kwa mkono.

"Mwizi harudishi nati," Gurdev akasema.

Nilitaka kumwamini na nikakataa. Tukazunguka ua, tukaenda kwa Elijah.

Alikuwa langoni kabla hatujafika, rungu mkononi, kofia ya sufu kichwani. Nyuma yake, katikati ya uwanja, niliiona kona. Imesimama juu ya mawe yaliyopangwa, kigingi cha mbao chini ya ukingo wa mbele, mgongo Menengai. Ndani yake kulikuwa na redio ndogo inayoongea peke yake.

"Nani amewatuma?" Elijah akauliza.

"Hakuna. Mimi ni yule madam wa kona."

"Nakujua. Nimeuliza nani amewatuma."

"Mzee, tunamtafuta Tabitha."

"Hapa hakuna Tabitha." Macho yake yakaenda kwenye pikapu, yakarudi kwangu. "Jina lako la pili ni nani?"

Nilikuwa nimemshuku yule mtu miezi mitatu, na hapo nikaona yeye ananishuku mimi kwa macho yale yale, tena akiwa na sababu. Nikamwambia jina langu la pili. Lote, bila kumung'unya. Gurdev akajikohoza.

"Baba Kip, wacha huyo," sauti ikatoka kwenye ghala la mahindi. "Huyo ni wangu."

Tabitha akatoka. Amekonda, amevaa nguo ya mke wa Elijah ambayo haikumfika miguuni, na ana kovu jipya la moto mkononi. Nilimshika tu, nikimpapasa mabega kuhakikisha, tabia yangu ya kazi. Mke wa Elijah akatoka jikoni, akatuangalia, akarudi kuweka maji ya chai.

Tulikaa ndani, na habari ikatoka kwa midomo miwili, wakikatizana. Usiku wale vijana walipokuja, Elijah alikuwa amemtoa Tabitha mapema kwa kupitia nyuma ya ua wao wa ugomvi. Ndiyo sababu aliniuliza lile swali. Alikuwa ameanza kusikia mipango kwenye mikutano ya watu wa kabila lake, na alitaka kujua kama mtu akivushwa usiku kuna chombo kitakachomwona na kumtaja. Vijana wakachoma nyumba tupu. Asubuhi kona ikabaki imesimama peke yake kwenye majivu.

"Huyu mama," Elijah akasema, "nyumba imeisha, nguo zimeisha, simu imeungua, na kitu ya kwanza ananiambia ni nini? Enda uniletee chuma."

"Nilikuambia nenda na spana," Tabitha akasema. "Ukataka kwenda na shoka."

"Nikaleta na mkokoteni wa punda, nimeifunika na mabua. Nikasema tuiache hapo hapo chini ya mabua. Akakataa. Eti isimame. Isimame hapa, kwa uwanja wangu, mbele ya hawa vijana!"

"Si ulisimamisha?"

"Baada ya kelele ya wiki nzima. Vijana wakaja wakauliza, mzee, hii si ile alama? Nikawaambia ni antena, redio yangu haishiki vizuri. Wakasema basi washa tusikie habari. Sasa tangu hiyo siku nanunua betri, siwezi kuzima. Wakipita na haisemi watajua nimewadanganya."

Gurdev alicheka mpaka akatoa leso. Mimi sikucheka bado. Nilikuwa namfikiria bosi na simu yake. Polisi wangeingia kwenye hilo lango na kelele, vijana wangewafuata, na ghala lile lingefunguliwa mbele ya kila mtu.

"Tabitha," nikasema, "kwa nini uliitaka isimame? Mngeweza kuuawa nyote."

Akaniangalia kana kwamba mimi ni mtoto asiyeelewa hesabu rahisi.

"Si wewe ulisema? Haioni mtu, inaona chuma. Simu sina, barabara hakuna, kanisani kwetu kumechomwa. Ningekwambia vipi niko? Nikasema basi, nisimamishe chuma." Akainua vidole akahesabu alivyofundishwa. "Mgongo Menengai. Mdomo jua linapotua. Kigingi mbele. Nilikuwa natoka alfajiri kuangalia kama kigingi kimeteleza."

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Nikakiweka chini.

"Uliniona?" akauliza.

Ofisi nzima ilikuwa imemwona. Tulikuwa tumemwita bati, tukamwita wizi, tukapanua ile nukta mpaka ikawa mraba, tukabishana juu yake na chai mkononi.

"Nilikuona," nikasema.

Akakunja lile gauni la kuazima magotini.

"Sasa mbona mlikaa muda wote huo bila kuja?"

Elijah akainuka akasema anaenda kuangalia betri. Nilimsikia nje akipekua redio iliyokuwa ikiongea vizuri tu.